Bikrosi ya Blaise

Likasi, Kikula, 12 Mei 1996

Mwanangu Blaise,

Bwana asifiwe. Barua hii nampa Eugène, yule dereva wa lori, mwana wa Mama Delphine wa kanisani kwetu. Amesema atafika Kitwe juma hili ikiwa mpaka wa Kasumbalesa hautamsumbua. Akikufikia mpe chai, maana kwetu amekataa kupokea kitu.

Sisi ni wazima. Papa yako bado anaamka kila asubuhi na kwenda Kakontwe, kwenye machimbo ya chokaa, kana kwamba kazi ingali kazi. Mshahara umekuwa hadithi. Anasema mtu akikaa nyumbani jina lake litasahauliwa, basi anakwenda, anakaa na wenzake kando ya mashine zilizolala, wanavunja mawe ya kuuzia watu wanaojenga, na jioni anarudi mweupe kama mtu aliyeanguka ndani ya unga. Ile ngiri yake ya zamani inamuuma akiinua kitu kizito. Nimemwambia. Hasikii. Dada yako Reine anasoma zile siku ambazo walimu wanakuja.

Mimi nakaanga mandazi. Soko la Kikula limejaa, kila mama anakaanga mandazi, na wanunuzi ni mama hao hao. Kwa hiyo nimeanza kuyapeleka Buluo, kwenye gereza kubwa. Watu wanaokwenda kuona ndugu zao wanafika pale na njaa, na kuingia mikono mitupu hawapendi. Mandazi yanakwisha kabla jua halijawa kali. Usihangaike juu yetu. Ile bikrosi yako uliyoniachia, ile baiskeli ndogo ya kurukia, inatulisha. Ulisema vizuri siku ile unaondoka, kwamba njaa ikija niitazame.

Kuna jambo nataka kukuuliza, la kucheka tu. Juzi nilikuwa natwanga majani ya muhogo kwa sombe nikawakumbuka ninyi watoto, na ule mlima wenu wa udongo nyuma ya machimbo. Mlikuwa mnashukaje pale bila kufa? Niandikie kama unakumbuka. Niandikie polepole, kama unayemweleza mtu asiyejua kitu.

Mama yako anayekutaja kila asubuhi,
Hortense


Kitwe, 9 Juni 1996

Mama mpenzi,

Aksanti sana kwa barua. Eugène alikunywa chai, akala na bukari juu yake. Mimi ni salama. Bado nachomelea mageti katika karakana ya yule mzee Mzambia. Jioni macho yanawasha, lakini chakula kipo.

Habari ya bikrosi nimeelewa. Nilisema mwenyewe uiuze njaa ikija, na njaa imekuja. Sitakuficha kwamba nilikaa nje kidogo peke yangu baada ya kusoma. Aliyeinunua natumaini ana mtoto, maana kinga ndogo vile, baiskeli ya mtoto, haimfai mtu mzima, magoti yanagonga usukani.

Unakumbuka siku Papa alipoileta? Bosi wake alikuwa anarudi Ubelgiji, akampa kama aksanti kwa ule ukuta wa bustani. Papa aliibeba begani tangu mitaa ya wakubwa mpaka Kikula, kinga nzima yenye upepo katika magurudumu, kwa sababu shemasi hawezi kuonekana amekaa juu ya kitu cha watoto. Nyekundu, magurudumu yake ya plastiki ya njano, na sponji kwenye chuma cha katikati ili mtu asivunje meno. Mtaa mzima ulisimama.

Na sasa unaniuliza juu ya mlima, wewe uliyetukataza hata kuutaja! Tuliuita Luano, kama uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwa sababu pale ndipo watu walipopaa. Ulikuwa takataka ya machimbo tu, udongo mwekundu uliotupwa ili mawe meupe yaonekane. Mvua iliukaza, sisi tukauchonga njia. Chini kabisa tulijenga tuta, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, na mbele ya tuta tukalaza mapipa. Bikrosi za kweli zilikuwa chache. Jeancy alikuja na kinga kubwa ya dada yake; alikata madigadi, akafunga namba ya bati mbele, na akiruka ililia kama sufuria zinazoporomoka. Athanase alivaa kofia ya mgodi ya baba yake, ikamfunika macho, ndiyo maana yeye hakuogopa kamwe.

King'ora cha machimbo kilipolia tulijua wanalipua mawe. Tulilala kifudifudi nyuma ya mlima, ardhi ikatetemeka chini ya matumbo yetu, kisha vumbi jeupe likatushukia taratibu hata kope zikawa nyeupe. Kwa hiyo hatukurudi kwa barabara. Tulifuata ule mfereji wa zamani, wa lile bomba lisilo na maji, unaopita ndani ya matete mpaka kwenye kijito karibu na hospitali. Pale tulioga. Ninyi mama zetu mlikuwa mkishangaa watoto wanaotoka kucheza wakiwa safi kuliko walivyokwenda.

Sasa, kushuka. Usitazame gurudumu la mbele, tazama unakotaka kufika, kwa maana mtu huenda anakotazama. Simama juu ya pedali, zilingane, moja isiwe chini. Sogeza makalio nyuma ya kiti. Breki ya mbele usiiguse hata ukimwona Shetani. Ya nyuma tu, kidogo kidogo. Na kama umeshafika kwenye tuta na huwezi kusimama, basi usipigane nalo. Legeza viwiko na magoti, acha kinga ipande, itashuka yenyewe.

Nimeandika mengi. Leo usiku nitaota vumbi.

Mwanao,
Blaise


Likasi, Kikula, 18 Agosti 1996

Mwanangu Blaise,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Lile neno la breki ya mbele nilikuwa silijui. Laiti ningalilijua mwezi uliopita. Namaanisha, mtu angalilijua.

Kuhusu bikrosi usihuzunike. Iko katika mikono mizuri.

Nami nikuambie jambo ambalo Papa yako halijui mpaka leo. Ile siku ya mashindano yenu, kiangazi cha mwaka wa themanini na saba, mimi nilikuwepo. Mama Delphine alinidokeza sokoni. Nilichukua kamba kama ninayekwenda kutafuta kuni, nikapita nyuma, nikasimama kwenye miti na kamba kichwani. Nilidhani niko peke yangu. Kumbe kila mti ulikuwa na mama, na kila mama alikuwa na kamba ya kuni, na hakuna aliyemsalimu mwenzake. Nusu ya wamama wa kanisa letu walikuwa pale wakitafuta kuni mahali pasipo na kuni.

Nilimwona Jeancy akianguka, nikasikia meno yangu mwenyewe yakigongana. Kisha ikawa zamu yako. Ulivyoanza kushuka nilifumba macho, nikafungua moja. Mwanangu, ulikwenda juu. Ulikaa kule kama mtu aliyesahau kitu anajaribu kukikumbuka. Halafu ukashuka ng'ambo ya mapipa, vumbi likainuka, na watoto wote wakakimbia kwako. Mimi nilirudi nyumbani nikakuchapa kwa sababu ya suruali iliyochanika, unakumbuka? Nilikuchapa bila nguvu. Nilikuwa nafikiri, huyu ametoka wapi, nami naogopa hata ngazi? Na tangu siku ile nilibaki na hamu ya kujua mtu anasikia nini akiwa pale juu.

Basi. Kuna mtu mmoja hapa mtaani ana kinga, na mnyororo wake unatoka kila akipanda mlima. Anauliza afanye nini. Na tena anauliza kama ni kawaida kuumwa mapaja.

Papa yako anakusalimu. Tumbo lake linamsumbua kidogo, anasema ni maharagwe.

Mama yako,
Hortense


Kitwe, 6 Oktoba 1996

Reine, mdogo wangu,

Barua hii ni yako, usimpe Mama. Niambie ukweli juu yake. Aliniuliza jinsi ya kushuka mlima na kinga, nikacheka. Sasa ananiuliza juu ya mnyororo na mapaja. Anasema ni mtu mmoja wa mtaani. Mama hajawahi kupenda habari za kinga tangu azaliwe, alikuwa akiiita bikrosi yangu jeneza lenye magurudumu.

Je, anasahau mambo? Anaita watu kwa majina ya wengine? Hapa kuna mama mmoja, jirani, alianza vivyo hivyo, akiuliza mambo ya zamani, na sasa hawajui watoto wake.

Au kuna kijana mwenye kinga anayekuja hapo lupango, uani kwetu, kwa ajili yako, na Mama anamsaidia maneno? Kama ni hivyo niambie jina lake. Sikasiriki. Nataka tu kujua ukoo wake.

Yaya yako, kaka yako mkubwa,
Blaise


Likasi, 20 Novemba 1996

Yaya Blaise,

Mama hajasahau kitu. Juzi amenikumbusha sahani niliyoivunja nikiwa darasa la pili.

Kijana hakuna. Angekuwepo nisingemtuma Mama akuulize juu ya mapaja yake.

Mengine nimeapishwa, na niliapishwa juu ya Biblia ya Papa, kwa hiyo usinisumbue. Ninaloweza kusema ni hili. Mama ana kidonda gotini, amemwambia Papa kwamba aliteleza kisimani, na kisima chetu kimekauka tangu mwezi wa nane, lakini Papa hakufikiri mpaka huko. Mama ameanza kuimba akirudi kutoka Buluo. Na Jeancy amechomelea keria ya chuma, nzuri, ya kukalisha beseni, na mimi sijui ni ya nini na wewe usiniulize.

Tuma mnyororo kwa Eugène. Uwe wa kinga ndogo.

Reine


Kitwe, 16 Aprili 1997

Mama, Papa, Reine,

Sijui nani atasoma hii. Ni barua ya tatu tangu Januari, na zile mbili Eugène bado anazo chini ya kiti cha lori, barabara imemfungia. Redio inasema waasi wameingia Lubumbashi. Inasema Likasi pia. Haisemi kitu juu ya Kikula.

Watu waliovuka mpaka wamenieleza kwamba askari waliokuwa wanakimbia walichukua magari, pikipiki, na vijana wa kuwabebea mizigo. Nimewauliza juu ya Kakontwe, hawajui. Mzee wa karakana ameniambia nipumzike, maana jana nilichomelea geti bawaba zikawa upande usio wake.

Nampa hii fundi mmoja anayejaribu kupita kwa miguu. Andikeni neno moja tu. Andikeni: tuko.

Blaise


Likasi, Kikula, 4 Mei 1997

Mwanangu Blaise,

Tuko. Wote watatu. Nimeliandika kwanza ili upumue. Sasa kaa chini, usome mengine bila kusimama, na ukifika mahali pa kukasirika endelea tu.

Bikrosi yako sikuiuza. Niliandika kwamba inatulisha na wewe ukaelewa nimeiuza, nikaona ni vizuri uelewe hivyo. Ninaiendesha mimi. Karibu mwaka mzima ninakwenda nayo Buluo na beseni la mandazi nyuma. Papa yako alidhani nabebwa na lori la makaa. Kinga ililala kwa Mama Delphine, na mimi nilibadilisha kitambaa huko, nikafunga kingine juu ya suruali ya zamani ya Reine. Nilijifundisha kwenye njia ya makaburi, alfajiri, kwa sababu wale hawasemi. Nilianguka mara nyingi. Kuna mteremko kwenye njia ya Buluo uliokuwa unaniua roho, ndiyo maana nilikuuliza jinsi mlivyoshuka Luano. Kila ulichoandika nilikifanya. Sikukuambia kwa sababu ungesema niache, na mandazi yangeozea Kikula.

Sasa yaliyotokea. Ni ile siku askari wa serikali walipokuwa wanakimbia. Tangu asubuhi tulisikia risasi upande wa stesheni. Papa yako alikuwa amekwenda Kakontwe kama kawaida, hata siku kama ile. Jua lilikuwa katikati Jeancy alipoingia lupango, amejaa majani na jasho. Siku hizi anavunja mawe pamoja na Papa yako. Alikuwa amekimbia ndani ya nyasi, kwa sababu barabarani wanakamata vijana.

Akaniambia, "Mama, Papa iko chini. Ile ngiri imemushika. Anatapika, tumbo imekuwa jiwe, hawezi kusimama."

Nilimwuliza wenzake wako wapi. Walikuwa wametawanyika kwa risasi, amebaki mzee Evariste peke yake, mlinzi, ambaye hata maji hawezi kubeba. Gari hakuna. Waliokuwa na gari walikuwa wameyatoa magurudumu na kuyafukia. Barabara kubwa ilikuwa na kizuizi, na kila kinga iliyofika pale ilikwenda na askari.

Nilimwacha Reine kwa Mama Delphine wakipiga magoti. Nilitoa bikrosi. Nilimwambia Jeancy anifuate kwa miguu awezavyo, nikapita njia yenu ya nyuma, ile ya miti. Nilikwenda kama mtu anayefukuzwa. Nilifika juu ya Luano, nikaona machimbo yote meupe chini yangu, na pale chini kivuli kidogo kando ya kibanda. Ni yeye. Alikuwa amejikunja.

Ile njia ya kuzunguka imeliwa na shimo jipya. Imebaki ile mliyoichonga ninyi, nyasi zimeota lakini iko. Nilisimama juu ya pedali. Nilitazama kibanda, sikutazama gurudumu. Sikugusa breki ya mbele. Ya nyuma niliigusa, na mvua ilikuwa imenyesha usiku, ikanisukuma pembeni kama sabuni, basi nikaiachilia nayo. Tuta lenu nililisahau kabisa. Niliona nyasi zimeinuka kama mgongo, nikajua ni lenyewe, nikasema Yesu, nikalegeza viwiko.

Magurudumu yote mawili yaliacha udongo. Mwanangu, pale juu ni kimya. Sikusikia risasi. Sikuwa na umri.

Kisha nilishuka, kiti kikanipiga vibaya mahali ambapo sitaandika, nikaenda nayumba mpaka kibandani, nikaanguka mbele ya Papa yako miguu juu. Jeancy alikuwa amefika juu ya mlima wakati ule, aliona. Mwulize.

Papa yako alinitazama. Alikuwa wa rangi ya majivu. Tulimwinua mimi na Jeancy, tukamkalisha juu ya kiti. Kinga ikiwa fupi vile, miguu yake iligusa chini kidogo, na hilo lilitusaidia. Jeancy alimkumbatia kwa nyuma, mimi nikashika usukani. Tuliingia katika mfereji wenu wa matete. Bila barua yako nisingejua kwamba unatokea karibu na hospitali. Mara mbili tulisikia lori la askari juu yetu barabarani, tukasimama, matete yametufunika, na Papa yako akauma kola ya shati ili asilie.

Katikati ya njia akaniuliza, polepole, "Hortense, hii kinga weye ulianza kuitembeza siku gani?"

Nikamjibu, "Mwaka uliopita."

Kichwa kikamwangukia kifuani, nikadhani amezimia. Halafu akasema, "Basi shika nguvu. Usiniangushe."

Hospitalini alibaki daktari mmoja na mtawa mmoja. Umeme hakuna, lakini ilikuwa mchana, wakamweka karibu na dirisha. Walimpasua. Tulikaa nje kwenye ngazi, mimi na Jeancy, na bikrosi imelala kati yetu. Jua lilikuwa bado halijazama mtawa alipotoka, akavua kofia yake ya kitambaa, akaniambia utumbo ulikuwa umeanza kugeuka rangi lakini umerudi. Amelala. Atakula uji kesho kutwa.

Nilicheka. Wengine walilia pale kwenye ngazi kwa mambo yao, na mimi nilicheka, sikuweza kujizuia, mpaka Jeancy akanishika mkono.

Sasa yuko nyumbani. Anatembea mpaka chooni na kurudi, analalamika chumvi ni kidogo. Mji umetulia, wenye bunduki ni wengine. Eugène amepita leo, ndiyo maana naandika haraka.

Mnyororo uliotuma unakwenda vizuri.

Mama yako,
Hortense


Kitwe, 18 Mei 1997

Mama,

Nilikaa chini kama ulivyosema. Mahali pa kukasirika sijapaona. Nilisoma mbele ya mzee wa karakana, nikimtafsiria, na tulipofika kwenye tuta alizima mashine zote ili asikie.

Kwa mwezi mzima nilikuwa nimewazika. Nimwambie nani? Kila usiku nilichagua nani afe na nani abaki, nikabadilisha, nikaanza tena. Halafu Eugène akasimamisha lori mlangoni akapiga honi kama mwenye arusi, nikajua kabla hajashuka. Nililala usingizi siku ile mpaka saa nne za asubuhi, na hakuna aliyeniamsha.

Nimemwandikia Jeancy. Amenijibu kwa maneno machache, kwamba ulipita juu ya tuta kwa urefu wa ndoo, na kwamba kitambaa chako kilifunguka kama bendera. Anasema sisi wote tulishuka pale tukicheza, hakuna aliyewahi kushuka akiwa na mahali pa kwenda.

Nitakuja mwezi wa saba, mpaka ukiwa wazi. Nitakuja na breki mpya. Mwambie Papa nakuja, lakini usimwambie kwamba nililia.

Blaise


Likasi, Kikula, 8 Juni 1997

Mwanangu Blaise,

Hujapata kupokea barua yangu. Mama yako ndiye mwenye maneno katika nyumba hii, mimi nilikuwa naongeza salamu tu chini. Lakini leo yeye hayupo, na kalamu iko mezani.

Nimepona. Kovu linawasha wakati wa baridi. Daktari amenikataza mawe, kwa hiyo jina langu kule Kakontwe watalifuta wakitaka. Ninakaanga mandazi. Reine anakanda, mimi nasimama kwenye mafuta. Yale ya kwanza yalikuwa mabichi ndani, mama yako akayauza kwa askari wapya, hawakujua tofauti.

Kulikuwa na maneno kanisani. Mlimani siku ile mama yako alionekana na watu waliokuwa wamejificha porini, na habari ilifika mbele yetu. Wazee waliniita, wakataka kujua kama ni vizuri mke wa shemasi apande kinga ya mtoto, na nguo inapepea. Mimi ni mtu wa kunyamaza katika vikao. Siku ile nilisimama, nikishika tumbo, nikasema, "Anayetaka kumkataza, aanze kunionyesha gari lake lilikuwa wapi." Nikakaa. Wakaimba wimbo.

Basi anakwenda Buluo mchana kweupe, anatoka mlangoni kwangu, na watoto wa mtaa wanamkimbilia mpaka kona. Wanampigia makofi kwenye kilima. Yeye anasema wanamkera, lakini nimeona anaongeza mwendo.

Kuna jambo moja ambalo sikulijua katika miaka yote hii. Mimi ndiye niliyekuwa natoka. Natoka asubuhi, narudi jioni, nakuta maji yamechemka, nikadhani maji huchemka yenyewe. Sasa yeye anatoka na mimi ninabaki. Jua likipita katikati ya mbingu ninaanza kutazama njia. Najifanya nafagia. Njia ile nzuri nimeifagia mpaka mizizi ya mwembe wa jirani imetokeza, na Reine ananiangalia kwa jicho la pembeni, ana tabia za mama yake.

Halafu ninasikia changarawe zikilia chini ya yale magurudumu madogo, pale kwenye kona ya Mama Delphine, na kifua changu kinashuka. Siendi kumpokea mlangoni, asije akadhani nilikuwa na wasiwasi. Ninaingia ndani upesi, nainama, namwongezea kuni chini ya maji ya kuoga.

Papa yako,
Michel